Redio Ilipokufa, Tukaenda Lingeka

Ijumaa iliyopita mtandao ulikatika nyumbani kwa binti yangu Minza, hapa Bariadi. Jirani alikuwa anachimba msingi wa ukuta, sururu ikapita kwenye waya, basi. Kile kiboksi cheupe kilichobanwa ukutani, ambacho mimi nilikizoea kwa vile taa zake hunimulikia nikiamka kwenda chooni, kikabaki na taa moja tu nyekundu. Fundi alipigiwa simu akasema mpaka Jumatatu. Vifurushi vya simu navyo vilikuwa vimeisha, na Minza alishasema hanunui kingine mwezi huu.

Wajukuu wangu Kulwa na Doto walikaa kwenye kochi kama watu waliofiwa. Doto anainua simu juu, anaishusha, anaipeleka dirishani. Kulwa anakizima kiboksi, anakiwasha, anakipulizia vumbi, anakizima tena.

"Bibi, sasa tufanye nini?" Kulwa akaniuliza, na alikuwa anauliza kweli, siyo utani.

Nikacheka mpaka nikaegemea mlango. "Mimi nimeshawahi kukaa kama mlivyokaa ninyi. Mbele ya redio iliyokufa."

"Redio inakufaje?"

"Vaeni viatu. Mama yenu atatupeleka Lingeka kwa mama yangu. Nitawaeleza huko huko."

Minza alinitazama kama nimepandwa na kitu, kisha akaenda kutafuta ufunguo wa gari. Hata yeye alikuwa hana la kufanya. Tukafika Lingeka jioni, na nilipofungua mlango wa gari harufu ikanipokea: michembe, viazi vitamu vilivyokatwa vikaanikwa juu ya jabali, siku ya kwanza vinanuka maji na udongo, siku ya tatu vinanuka kama uji uliosahauliwa jikoni. Nilisimama pale, mkono kwenye mlango, mpaka Doto akaniuliza kama naumwa.

Siumwi. Ila harufu hiyo ina watu ndani yake, na watu hao nitawataja kwa majina, maana wao hawakuona haya kunitenda walivyonitenda.

Ninyi wenzangu mliokua tulivyokua sisi mtanielewa. Mimi nililelewa Nkoma, kwa baba yangu mkubwa, Masanja. Baba yangu alifariki nikiwa sijaanza shule. Masanja akataka kumrithi mama yangu pamoja na ng'ombe na jembe la kukokotwa. Mama akakataa. Akasema mbele ya wazee kwamba yeye si jembe. Wakamwambia haya, rudi kwenu Lingeka, lakini mtoto anabaki, maana ng'ombe wa mahari walitoka zizi la hapa, na mtoto ni wa zizi lililotoa ng'ombe. Ndivyo ilivyokuwa. Mama aliondoka na sufuria moja na kitenge alichovaa.

Masanja alinisomesha mpaka darasa la nne, akanitoa nikachunge ndama na kuamia ndege kwenye mtama. Huyo ndiye wa kwanza. Wa pili ni mke wake, Kwandu, niliyemwita mama mkubwa kwa sababu hakuna neno jingine la kumwita mke wa baba mkubwa. Kwandu ndiye aliyenizima sikio hili la kushoto kwa mwiko wa ugali, kwa kosa la maziwa yaliyomwagika, na aliyeyamwaga alikuwa paka. Mpaka leo ukitaka kunisema vibaya, simama kushoto kwangu. Utasema mpaka uchoke.

Lakini mwiko haukuuma kama maneno yake. Kila nilipomlilia mama, Kwandu alikuwa na jibu lake moja. "Mama yako hakutaki. Angekutaka, si angetuma salamu?" Na hapo huelekeza kidevu kwenye redio.

Redio ile ilikuwa ya Masanja, ya kahawia, na ilikuwa na koti lake la ngozi lenye vitundu mbele. Jioni ikiwashwa, kaya nzima ilisogea. Kulikuwa na kipindi cha salamu. Mtangazaji anasoma: fulani wa sehemu fulani anawasalimu fulani na fulani, popote walipo wajue yeye ni mzima. Mimi nilikuwa sijui habari za kadi wala posta. Nilidhani mtu anasimama kwao, anatamka jina la mtoto wake kwa nguvu, na redio inalidaka. Kwa hiyo kila jioni nililaza sikio langu zima kwenye lile koti la ngozi, lililonuka jasho na tumbaku, nikingoja kusikia Lingeka.

"Ondoa kichwa chako hapo, unaimeza yote peke yako!" Masanja alikuwa akinifokea. Naondoa kidogo, narudisha.

Majina ya miji yote ya nchi hii niliyajulia pale. Lingeka haikutajwa hata siku moja.

Basi ikafika msimu mmoja wa pamba, betri hazipatikani popote. Betri tuliziita mawe, mnakumbuka. Mawe yakichoka unayaanika juani juu ya bati, jioni unayarudisha, redio inaimba nusu saa kwa sauti ya mgonjwa. Masanja aliyaanika mpaka yakatoa maji. Akayachemsha. Akayagongagonga kwa jiwe. Alhamisi ile redio ikasema maneno mawili ya salamu, ikakoroma, ikanyamaza, na mimi nikapiga ukunga kama nimeng'atwa na nge, maana nilijua, kwa akili yangu ya utoto, kwamba jina lililokuwa linakuja baada ya hapo ni langu.

"Huyu mtoto ana nini?" Masanja aliuliza.

"Wazimu wa kwao," Kwandu akajibu.

Masanja hakuweza kuishi bila redio. Hilo ni jambo la ajabu kwa mtu aliyeweza kuishi bila huruma. Ijumaa asubuhi alipanda baiskeli akasema anakwenda kutafuta mawe kwenye minada, na asipoyapata hapa atayapata pale, na tusimtarajie kabla ya Jumapili jioni.

Sasa alikuwepo bibi, mama yake Masanja, jina lake Ng'wasi. Bibi alikuwa mtu wa ugoro na maneno makali, na kwa redio hakuwa nyuma ya mwanawe. Jumamosi tumeamka, kimya. Akakaa kizingitini, anapiga chafya, anatazama koti la ngozi limening'inia kwenye msumari.

"Nyumba imekuwa kama kaburi," akasema.

Ndipo lori likapiga honi kule kwenye ghala la chama cha ushirika. Malori yalikuwa yanapita msimu huo kukusanya pamba vijijini. Bibi akainuka, akanishika mkono, tukaenda mpaka kwa dereva aliyekuwa anajaza maji kwenye rejeta.

"Unakwenda wapi, mwanangu?"

"Lingeka, bibi. Nakwenda kupakia, kesho narudi hapa hapa."

Bibi akanikaza mkono. Mimi moyo ukawa unapiga kwenye sikio lile lisilosikia, ndiyo, nakumbuka hivyo hivyo.

"Una nafasi?"

"Ya kwenda wapi?"

"We si umesema unakwenda Lingeka? Ya huko huko."

Tukarudi nyumbani kuchukua shuka lake. Kwandu alikuwa anapepeta karanga uani. "Mama, safari ya wapi tena?"

"Nafuata ugoro. Wa hapa hauna makali. Mtoto atanibebea mzigo."

"Mzigo wa ugoro?"

"Ni mwingi."

"Na mtarudi lini?"

"Ukipatikana," bibi akasema, na tukaondoka kwa mwendo wa mtu anayekwenda jirani. Tulipofika nyuma ya matuta ya viazi ndipo akaanza kukimbia. Mwanamke wa umri ule, anakimbia na shuka begani, anacheka puani. Nilikuwa sijawahi kumwona bibi akikimbia, na sikumwona tena.

Lori lilikuwa tupu, limebaki na manyoya ya pamba yaliyonasa kwenye mbao. Tulikaa nyuma kwenye magunia. Kila shimo lilituinua na kututupa. Vumbi lilitupaka mpaka kope zikawa nyekundu, na upepo ulinuka pamba, mafuta ya gari na mavi ya ng'ombe mabichi. Nilikuwa na furaha na hofu kwa pamoja. Hofu ya kwanza ilikuwa Masanja arudi mapema. Ya pili ilikuwa kubwa zaidi: kwamba tutafika na mama atasema, kweli, mimi huyu simtaki, ndiyo maana sikutuma salamu.

Nikamuuliza bibi. "Na akinikataa?"

Bibi akafungua kikopo cha ugoro, akavuta, akapiga chafya. "Kaa vizuri, utadondoka." Jibu lake likawa hilo.

Tulimkuta mama juu ya jabali nyuma ya nyumba ya kaka zake. Alikuwa amepiga magoti, mbele yake rundo la viazi vilivyomenywa, na kisu mkononi. Anakata vipande vyembamba, anavitandaza juani, anakata, anatandaza. Jabali lote lilikuwa limefunikwa na michembe, jeupe kama limepakwa chokaa. Alipotuona alisimama na kisu chake. Hakukimbilia. Akaweka mkono kifuani.

"Nani amekufa?" akauliza.

Maana mtu hatoki Nkoma kuja Lingeka bila taarifa ila kwa msiba.

"Mwadila, mayu," bibi akamsalimu kwanza, kwa Kisukuma chetu, ambako mayu ni mama na hata binti huitwa hivyo, taratibu, kama vile walionana jana. "Hakuna aliyekufa. Redio ndiyo imekufa."

Mama alimtazama, akanitazama mimi, akamtazama tena bibi. Kisha akaanza kucheka, na katikati ya kicheko uso ukageuka, akakaa chini juu ya michembe yake, akaivunja, akanivuta nikaangukia mapajani. Alinuka utomvu wa viazi na moshi. Alinigusa kichwa, mabega, magoti, kama mtu anayekagua mbuzi mnadani. Alipofika kwenye sikio nikakwepa.

"Hili lina nini?"

"Halisikii. Mama mkubwa Kwandu."

Alilishika lile sikio kwa kiganja chote, akakaa nalo hivyo.

Baadaye akaniletea michembe iliyokwisha kukauka, ya wiki ile, na karanga za kukaanga. Nikatia kipande kinywani. Michembe mikavu haitafunwi mara moja, unaiacha ilainike, unaizungusha. Ulimi wangu ukagusa mstari. Kamstari kamoja kalikoinuka, kembamba, kamepita kutoka mwanzo wa kipande mpaka mwisho. Nikakitoa, nikakiangalia. Nikachukua kingine, mstari. Kingine, mstari.

"Hii ni michembe ya mama mkubwa Kwandu," nikasema.

Mama akaacha kukata. "Ya nani?"

"Ya mama mkubwa. Kila mwaka anatengeneza. Anatupa tukiwa tumefanya kazi vizuri. Mimi naijua kwa huu mstari. Yetu tunayoanika nyumbani haina, yake ya kwenye kiroba ndiyo inayo."

Bibi aligeuka upande, akawa anahangaika na kikopo chake ambacho kilikuwa wazi tayari.

"Mama," mama yangu akamwambia bibi, kwa adabu, kwa sauti ya chini. "Kila msimu natuma kiroba na watu wa pamba. Nasema kiende kwa mwanangu. Hakifiki?"

"Kinafika," bibi akasema.

"Na yeye anaambiwa kimetoka wapi?"

Bibi akapiga chafya. "Nilijua, mayu. Nilikuwa najua. Ndiyo maana nimemleta."

Kwa hiyo bibi naye namtaja. Ng'wasi, alijua, akala michembe ile pamoja nasi misimu yote, na hakuniambia. Nilimpenda na ninampenda kaburini, lakini yumo kwenye orodha.

Mama hakugombana naye. Alichukua kipande kimoja, akapitisha kidole taratibu kwenye ule mstari, akakiangalia kisu chake. Mimi nikakata shauri pale pale kwamba ule mstari ni alama. Kwamba mama aliuweka kipande kwa kipande ili nimjue. Sikuuliza, kwa nini niulize? Mambo yalikuwa wazi kabisa.

Nilichouliza ni kile kingine. "Kwa nini hukutuma salamu?"

"Salamu gani?"

"Za redioni. Mama mkubwa anasema ungenitaka ungetuma."

"Mimi na redio tumekutana wapi, mayu? Hata sijui mlango wake uko upande gani." Akanijazia mkono karanga. "Kula."

Jioni ile tulikula ugali kwa samaki wakavu na maziwa mgando, na mama alinitengea kipande changu peke yangu, siyo kwenye sahani ya wengi. Pamba ya wajomba ilikuwa imejazwa ndani ya nyumba mpaka karibu na paa, wakingoja zamu ya kuuza. Tukalala juu yake. Mliolala juu ya pamba mnajua: inawasha kidogo shingoni, inanuka jua na mafuta ya mbegu, na inakumeza mpaka unabaki pua tu. Mama alilala upande wangu wa kulia. Alikuwa amekwisha kujua upande wa kusemea. Alinisemesha mpaka nikapotea usingizini, na sikumbuki alisema nini, nakumbuka tu kwamba yalikuwa yananihusu mimi.

Jumapili lori likapakia. Hakukuwa na kilio kikubwa. Mama alijua kwamba akinizuia, Masanja atakuja na wazee kudai ng'ombe wao wa mahari, na kaka zake hawakuwa na ng'ombe wa kurudisha. Mimi nilijua pia. Alinipandisha juu ya mzigo kwa mikono yake, akasema, "Wabeja, mama," akimwambia bibi, asante, na bibi akageukia kikopo chake cha ugoro. Tukaondoka tumekaa juu ya pamba, juu kuliko miti ya mihale, naona ng'ombe kwa migongo yao. Nilimwona mama juu ya jabali lake mpaka akawa sawa na kipande kimoja cha michembe.

Masanja alikuwa amekwisha kufika. Redio ilikuwa inaimba uani kwa sauti mpya, yeye amekaa mbele yake, ameikunjia miguu, ana furaha ya mtu aliyeoa.

"Mlikuwa wapi?" akauliza bila kugeuka.

"Kufuata ugoro," bibi akasema.

"Mmeupata?"

"Tumeupata."

Kwandu ndiye aliyenisogelea. Akanitoa unyoya kichwani. "Na hii pamba?"

"Nilikaa ghalani nikimngoja bibi."

Msimu ule pamba ilikuwa kwenye vichwa vya watu wote. Akaniacha. "Njoo basi, salamu zinaanza," akasema, na kile kidevu chake. "Labda leo mama yako atakukumbuka."

Sikwenda. Nilikwenda kuwafunga ndama, nikiwa nasikia mtangazaji kwa mbali anasoma majina ya watu wengine, na moyo wangu ulikuwa umetulia kama maji ya mtungi.

Haikupita muda mrefu, kiroba kikaja. Kwandu akakifungua kwa mikono yake, akatugawia sisi tuliochuma pamba vizuri. Nikatia kipande mdomoni, nikaukuta mstari, nikacheka.

"Unachekea nini wewe?"

"Michembe yako mitamu, mama mkubwa," nikamwambia.

Akanitazama sana. Bibi akapiga chafya ndefu kuliko zote. Nilikaa kwenye kaya ile mpaka nilipokuwa mkubwa wa kuondoka kwa miguu yangu, nikapigwa, nikatukanwa, nikaamia ndege. Lakini lile neno la kwamba sitakiwi halikuingia tena. Lilikuwa linakuja upande wa kushoto.

Masanja amekufa. Kwandu yupo hai, hapo Nkoma, hana jino hata moja la kutafunia michembe, na mimi sikuliombea hilo, limekuja lenyewe.

Basi Jumamosi hii iliyopita tulikuwa wote juu ya jabali lile lile. Mama yangu macho yake yana ukungu siku hizi, anakata kwa kupapasa. Kulwa ameshika kisu anajifunza, Doto anatandaza, Minza amelala chali kwenye kivuli cha nyumba, simu ameiacha garini. Nimekwisha kuwasimulia yote haya, mama akiwepo, anasikiliza.

"Bibi wa Lingeka," Doto akamwambia mama yangu, "ni kweli, kila kipande kina mstari."

"Ndiyo," nikamjibu mimi haraka. "Ndiyo hiyo alama. Aliiweka ili nimjue."

Mama akageuza uso upande wangu. "Alama gani?"

"Ya michembe, mayu. Mstari."

"Kisu kilikuwa na pengo," mama akasema. "Nilikatia mfupa wa mbuzi, kikamegeka. Ningepata wapi kingine?"

Kulwa akaangua kicheko. Nami mtu mzima, mwenye wajukuu, nilikaa pale na mdomo wazi. Miaka yote hiyo. Kila kiroba. Nikampokonya Kulwa kile kisu nikakiangalia. Kimelika kwa kunolewa mpaka kimekuwa chembamba kama jani la mtama, makali yamerudi nyuma karibu na mgongo. Na katikati pengo lipo, safi, kama la jana.

"Sasa mbona bado lipo?" nikamuuliza. "Kisu kimekwisha chote, pengo limebakije?"

Mama akanyoosha mkono, akakichukua, akakipangusa kwenye kanga yake.

"Ulikuja ukaniambia unaijua kwa mstari," akasema. "Tangu siku hiyo nikinoa, pengo nalirudishia kwa tupa."

Akakipapasa kwa kidole gumba, akalipata pengo, akamrudishia Kulwa mpini.

"Kata, mjukuu wangu. Nyembamba nyembamba."